Mhadhara wa Ringi 18

Ndugu wananchi, wazee wangu mlioketi juu ya mawe, akina mama wenye mikungu ya ndizi, vijana wa bodaboda, na nyie watoto ambao naomba kwa mara ya tatu mshuke kwenye boneti: jioni hii nisikilizeni.

Kabla sijaanza nifute uvumi mmoja. Yapo maneno kwamba mmekusanyika hapa kwa sababu mlisikia mshindo. Mshindo mliousikia ulikuwa kengele ya mkutano. Wengine hufungua mikutano yao kwa sala, mimi nafungua kwa shimo. Na yale mafuta yanayochuruzika chini ya injini nimeyaacha makusudi, yawe zana ya kufundishia. Tutayafikia.

Jina langu mtalijua baadaye, litakapoandikwa vitabuni. Kwa leo niiteni Daktari wa Miguu ya Magari. Udaktari huu hakunitunuku mtu, maana aliyestahili kunitunuku bado hajazaliwa. Utafiti wangu umechukua miaka 6, katika gereji moja pale Tarime mjini, chini ya mti, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa muda wote huo sikuwahi kushika spana. Spana huchafua nadharia.

Samahani, simu. Naam, shemeji! Nipo jirani kabisa. Naingia Mugumu sasa hivi, nayaona mabati. Mwambieni bibi harusi asivue shela. Haya, haya, shemeji.

Tuendelee. Mnaloliona nyuma yangu, lenye riboni na maua, lililoinama upande wa kushoto kwa unyenyekevu, ni Toyota Mark II, GX100. Ukoo wa Mark II ulianza Japani mwaka 1968 ukakoma 2004, na hili ni la toleo la 1996 hadi 2000: injini ya 1G, silinda 6, lita 2, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Huko kwao lilikuwa gari la bwana mkubwa wa ofisini. Lilipotoka kiwandani lilivaa tairi za 195/65R15, kama nguo za shule. Mimi nikalivua.

Lakini namba hizo tusizipite. Madereva wengi wa wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, wanakalia namba hizo maisha yao yote bila kuzisoma. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 wengi hudhani nayo ni milimita, wakafeli papo hapo: ni asilimia. Maana yake kimo cha ukuta wa tairi, kutoka ukingo wa ringi mpaka kwenye kashata, ni asilimia 65 ya ule upana, karibu milimita 127. R nimesikia vijana mkisema ni Ringi. Hapana. R ni namna nyuzi zilivyolazwa ndani ya mpira, zikikatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ubunifu ambao Wafaransa wa Michelin waliuombea hataza mwaka 1946. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwa hiyo katika mstari mmoja mnakuta milimita, asilimia na inchi. Aliyetunga mstari huo alilelewa na nyumba tatu.

Sasa kokotoeni. Inchi 15 ni milimita 381. Ongeza ukuta wa juu na ukuta wa chini, unapata kipenyo cha milimita 634 na nusu. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2. Kilomita moja ni mizunguko 500. Kutoka Tarime mpaka Mugumu, kilomita zaidi ya 80, ni mizunguko zaidi ya 40,000, na kila mzunguko ni fursa ya kufahamiana na jiwe.

Hapo ndipo nadharia yangu inapoingia. Nikachukua 225/40R18. Mzee, usisinzie, hapa ndipo penye uchawi. Inchi 18 ni milimita 457. Ukuta ni asilimia 40 ya 225, yaani milimita 90. Jumla 637! Ringi imekua kwa inchi 3 nzima, lakini gurudumu limebaki kimo kilekile, tofauti milimita 3 tu. Spidi mita haina habari, gia hazina habari. Mtu yeyote anayewaambia ringi kubwa lazima ivuruge spidi mita hajasoma. Wapo wenzangu wa mrengo mkali wanaovaa 235/35R19. Hilo linafika 647, limezidi kwa asilimia 2, mshale ukisoma 100 wewe uko 102. Uongo wa namna hiyo siungi mkono. Mimi ni mtu wa maadili.

Nauliza sasa: kama kimo ni kilekile, ile ringi iliyoongezeka imepata wapi nafasi? Imeipata kwenye mpira. Ukuta ulikuwa milimita 127, sasa 90. Tumeondoa milimita 37 juu na 37 chini. Na ndani ya ule mpira kulikuwa na nini? Upepo. Kwa hiyo kwa akili yangu mwenyewe nimeondoa upepo nikaweka mali.

Unasemaje, kijana mwenye ovaroli? Sema kwa sauti. Anasema upepo ndio unaobeba gari. Makofi kwake, amethubutu. Mura, hebu nikusomeshe historia. Tairi la upepo lilipata umaarufu mwaka 1888 kule Belfast, alipolitengeneza daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop. Alilitengeneza kwa ajili ya nani? Mwanawe mdogo, baiskeli yake ya magurudumu matatu ilikuwa inamrusharusha kwenye mawe. Mtoto! Sasa mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nibembelezwe na upepo?

Ringi hizi ni aluminiamu, mikono 10, zinang'aa usiku bila taa. Nilizipata kwa ng'ombe 2. Wazee wa Kikurya hapa wananielewa uzito wa maneno hayo. Ng'ombe 2 unaweza kuanzia posa ya mwanao. Mimi nikazitolea ringi mahari, na mke wangu tangu siku ile hunisalimia kama anavyomsalimia mgeni wa kata.

Tairi nazo, nilizichagua kwa umakini: za mtumba. Msigune. Kila tairi lina duara dogo la tarakimu 4 ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya yangu yanasoma 2311, wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi lililokomaa. Nyufa zile ndogo ndogo mnazoziona ubavuni ni makunyanzi ya hekima.

Ipo namba nyingine, na kwa uaminifu wa kitaaluma nakiri kwamba kwa mwaka mzima niliifundisha vibaya. Baada ya 195/65R15 kulikuwa na 91. Kwenye haya yangu kuna 88. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba hicho ni kiwango cha upepo, mpaka kijana mmoja wa gereji akanionyesha jedwali: 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615, 88 maana yake kilo 560. Tumepungua kilo 55 kwa kila gurudumu. Nikamwambia hiyo ni sawa na mama mnene mmoja kwa kila kona, tusiwapakie. Leo nimewapakia watatu, shangazi zake bwana harusi, wale pale kwenye kivuli wanaokataa kunitazama. Na gunia la mchele.

Simu tena. Naam, shemeji. Hapana, mtandao tu ndio unakatakata, mimi nipo barabarani natiririka. Nimeshavuka mto. Ndiyo, Mto Mara. Nimevuka salama kabisa! Mchungaji aendelee na matangazo.

Kuvuka nimevuka kweli, sikumdanganya.

Tuingie sasa kwenye kilele cha mhadhara: kushusha. Ukivaa ringi 18 ukaliacha gari limesimama juu kama lilivyozaliwa, unaonekana kama mtu aliyevaa suti na suruali inaishia gotini. Pengo kati ya tairi na madigadi ni aibu ya familia. Tarime nzima wanafanya kinyume. Nenda gereji yoyote, utawakuta watu wanachomeka raba kwenye springi, wanaweka spesa juu ya shokomzoba, gari linanyanyuka linatembea kwa mchuchumio. Hata mchomoko wa kwenda Sirari unanyanyuliwa. Nikiuliza kwa nini, najibiwa neno moja tu: barabara. Wanataaluma gani hawa wanaopangiwa umbo na barabara?

Njia za kushusha ziko mbili zinazotambuliwa na walimwengu. Ya kwanza ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zenye mwendo mfupi, ushuke kwa milimita 30 hivi, basi. Ya pili ni kununua shokapu zenye nyuzi za skurubu, unapandisha na kushusha kwa kipimo utakacho. Mimi nikavumbua ya tatu: springi zilezile za zamani, na msumeno wa kuazima. Nilikata mzunguko mmoja na nusu kila kona. Gari likashuka kana kwamba limepewa habari mbaya.

Kijana wa ovaroli anacheka. Anasema ukikata springi inakuwa ngumu zaidi. Ni kweli, mura, hilo liko hata kwenye vitabu: mzunguko ukipungua, uliobaki unabeba mzigo uleule kwa waya mfupi, ukakamavu unaongezeka. Mimi sikulisoma kitabuni. Niliambiwa na uti wa mgongo wangu pale kwenye rasta za kwanza nje ya mji. Anasema tena kwamba shokapu niliyoiacha ni ndefu, gari limeshuka kwa hiyo shokapu inaishi imejikunja, kila shimo inagota. Nayo ni kweli. Ile sauti ya go-go-go mliyoisikia nikija kutoka mbali, wengine mkadhani ni litungu, ilikuwa ni yenyewe.

Mbona ananikosoa kwa mambo ninayoyajua?

Kuna uzuri mwingine ambao haukupangwa. Gari hili kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Ukilishusha, mikono inabadili pembe, gurudumu linainamisha kichwa ndani na kutoa miguu nje, kama mtu aliyesimama ukutani akisubiri mshahara. Mafundi wa alaimenti wanaita kemba. Matokeo yake kashata za upande wa ndani zinaliwa mpaka kipara, za nje zinabaki mpya. Kwa mtazamaji aliyesimama kando ya barabara, tairi ni jipya. Alaimenti yenyewe sikufanya. Alaimenti ni ya watu wasiojua wanakokwenda.

Msidhani haya ni mambo ya Wajapani. Tazameni nyuma yenu, kule. Hifadhi ya Serengeti ipo tangu mwaka 1951, kilomita za mraba 14,763, na humo Mwenyezi Mungu ameegesha kila aina ya gari. Twiga ni lile lililonyanyuliwa, zuri kwa watalii, lakini akitaka kunywa maji lazima atanue miguu ya mbele kama anayeomba radhi. Fisi kashushwa nyuma, mbele kaachwa juu, na anaweza kukimbia usiku kucha. Nyamera naye vivyo hivyo, mabega juu, makalio chini. Sasa ngiri! Ngiri ndiye mwalimu wangu. Kashushwa kona zote 4, springi zimekatwa bila huruma, na akitaka kula anapiga magoti ya mbele. Gari langu nalo likiona tuta linapiga magoti. Na kiboko je? Tani zaidi ya moja, tumbo linakaribia kufagia ardhi, yumo humo humo Mto Mara, na hakuna trafiki aliyewahi kumsimamisha.

Ndiyo, mzee, karibu. Shikamoo. Mzee anasema amezaliwa hapa, na nyumbu zaidi ya milioni moja ndio wanaohama, wanavuka huo mto, wanakwenda Kenya na kurudi, na hajawahi kuona hata mmoja mwenye miguu mifupi. Anauliza pia kama nimewahi kumwona kiboko akienda Mugumu. Marahaba, mzee. Swali zuri. Muda hautoshi.

Niwapeleke Marekani. Los Angeles, vijana wenye asili ya Meksiko walishusha magari makubwa ya zamani tangu enzi za baba zao, wakawa wanatembea polepole Jumapili jioni ili waonekane. Serikali ya California ikachukia. Mwaka 1958 sheria ikapigwa: gari lisiwe na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa ringi. Vijana wakasalimu amri? Mwaka uliofuata, 1959, Ron Aguirre akafunga haidroliki kwenye gari lake, akibonyeza linashuka, akimwona polisi anabonyeza linapanda. Na mwaka 2023 California hiyohiyo ikapitisha sheria mpya, marufuku ya kuzurura mitaani na magari yao ikaondolewa. Historia imetutetea!

Mtoto anauliza kama huko kuna mawe. Lami tupu, mwanangu. Na huyu mama anasema, kama amenisikia sawasawa, yule bwana mjuzi kuliko wote wa kushusha gari, kitu kikubwa alichogundua ni namna ya kulinyanyua. Sehemu hiyo kwa kawaida huwa naipita haraka.

Anayetaja Safari Rally nani? Wewe wa ovaroli tena. Sawa. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, gari dogo la kawaida kama hili langu, pengine dogo zaidi. Kijana anasema magari yale yalinyanyuliwa, yakawekewa ngao ya chuma chini ya sampo, na tairi nene. Sikatai. Lakini nawaulizeni wananchi: Joginder Singh alikuwa na maua kwenye boneti? Aliagizwa na shemeji yake kubeba bibi harusi? Kila mtu na mashindano yake.

Sasa niwape matokeo ya jaribio la leo, maana utafiti bila safari ni porojo. Niliondoka Tarime saa 4 asubuhi. Kwenye lami gari lilikuwa malaika. Pale Mogabiri watu walisimama kunitazama, mmoja alivua kofia. Tuta la kwanza nililipita kimshazari, gurudumu moja moja, kama mzee anayeshuka kitandani. Tuta la pili nikawaomba mashangazi washuke wavuke kwa miguu. La tatu wakawa wameshazoea, wanafungua mlango wenyewe. La nne likabaki na kipande cha ekzosi, nikaliachia, tusigombanie vitu vidogo. Toka hapo sauti ya gari imekuwa nzito na ya kiume.

Nyamongo, kule kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, nikakutana na malori. Lori likipita kwenye moramu linakuachia zawadi mbili, vumbi na mawe. Mwendo wangu ulikuwa kilomita 20 kwa saa, wakati mwingine 15. Probox ilinipita ikiwa na watu sijui wangapi na mbuzi. Mkokoteni wa punda ukanipita. Kisha kundi la ng'ombe likanipita, likiwa linakula majani njiani, na nina hakika wawili kati yao nilikuwa nawajua.

Basi, tumevuka daraja, tumeingia Wilaya ya Serengeti, na pale, kwenye lile shimo ambalo mnaniambia mmelizoea, na kwamba kila mtu hapa analipita kwa kushoto, mimi nikapita kulia. Hapa ndipo sayansi ilipotokea. Tairi nene likiingia shimoni linajikunja, ule ukuta wa milimita 127 unameza ncha ya jiwe, kisha unarudi. Ukuta wa milimita 90 hauna tumbo la kumezea. Ukingo wa shimo unaubana mpira dhidi ya ukingo wa ringi, kama kidole kwenye mlango, nyuzi zinakatika ndani. Ukiwa na bahati linaota nundu ubavuni. Nundu ya ng'ombe ni mafuta, nundu ya tairi ni barua ya buriani. Mimi sikupewa hata hiyo nundu. Lilipasuka hapohapo, na mkono mmoja wa ringi ukaachana na wenzake. Mikono 10, imebaki 9. Bado ni mingi.

Gari likakaa chini, na kwa kuwa lilikuwa limeshakaa chini tangu Tarime, sampo ikakutana na jiwe la katikati ya barabara. Ndiyo hayo mafuta. Nilisema tutayafikia.

Swali: tairi la akiba liko wapi? Nilitegemea mtauliza. Lilikuwepo, la kiwandani kabisa, 195/65R15, halijawahi kuguswa tangu Japani. Mahali pake pana spika ya besi. Nililiuza, nikaongeza pesa kidogo.

Shemeji, naam. Sauti yako siisikii vizuri, kuna vigelegele. Vya nini? Mmempandisha wapi? Probox? Ile yenye mbuzi? Sikiliza, shemeji, bibi harusi hawezi kuingia kanisani na ringi za chuma, watu watasemaje... Ameshafika. Haya. Haya, hongereni sana. Hapana, mimi nimebanwa na kikao.

Ndugu zangu, kikao kinaelekea ukingoni. Wamejitolea watu wawili kunisaidia, nawashukuru kwa niaba ya sayansi. Huyu wa kwanza kaleta ringi ya Corolla. Itazameni: matundu 4, na duara lake lina milimita 100. Mark II ina matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3. Haviwezi kuoana hata kwa wazee kukaa vikao. Jifunzeni hilo kabla hamjanunua ringi kwa kupenda sura. Wa pili ni huyu kijana wa ovaroli, ambaye kumbe nyumbani kwao kuna Noah iliyokufa injini. Kaja na gurudumu lake begani. Matundu 5, 114.3, sawasawa. Someni ubavuni: 195/65R15. Namba zilezile za kiwandani. Kijana anasema sampo ataiziba kwa sabuni ya kipande mpaka nifike Mugumu akaichomelee fundi mwenzake, na kwamba springi nizirudishe nzima, ringi nibaki na 15, nikizidiwa na hamu sana basi 16 yenye 205/55, kipenyo chake 632, niache habari za msumeno. Nimempa nafasi aseme kwa sababu hapa ni mahali pa demokrasia. Gurudumu lake nimelipokea kama suluhisho la muda la kitaaluma.

Tatizo dogo lililobaki ni la kiufundi. Jeki ninayo, nzima, lakini haiingii chini ya gari. Naomba wanaume 8 wenye nguvu wabaki. Watoto shukeni kwenye boneti. Akina mama na wazee mnaweza kutawanyika.